Kuwafunda Vijana Kusikiliza: Redio, Kanisa na Ukweli

Mtume Paulo, anapowaandikia Warumi, anafungamanisha imani na sikio: watu hawawezi kumwamini wasiyepata habari zake, wala hawatazipata pasipo mtu wa kuzitangaza. Sisi Wakristo tumelipokea fundisho hilo kwa furaha, na ndiyo maana kanisa liliipenda redio tangu siku zake za mwanzo. Lakini mlango wa sikio hupitisha wageni wengi. Injili huingia hapo, na uongo nao huingia hapo hapo, pamoja na chuki na biashara iliyovaa joho.

Shuleni mtoto hufundishwa kusoma kwa ufahamu. Hupewa habari, kisha huulizwa mwandishi amekusudia nini. Kusikiliza hatufundishi, kwa sababu tunadhani kila mwenye masikio tayari anajua. Historia ya miaka mia moja iliyopita inaonyesha kwamba dhana hiyo imegharimu maisha ya watu. Inaonyesha pia kwamba walikuwapo walioona hatari mapema, wakaanza kuwafunda vijana.

Mchungaji aliyekatwa sauti, na padri aliyesikika kote

Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler alifanywa kuwa Kansela wa Ujerumani. Siku mbili baadaye mchungaji kijana wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alihutubia kwa redio mjini Berlin. Alisema juu ya vijana na kiu yao ya kupata kiongozi, akaonya kwamba kiongozi anayekubali kufanywa sanamu na wafuasi wake huwapotosha. Kabla hajamaliza, matangazo yalikatwa. Mwaka huo huo serikali ilianza kuuza redio za bei nafuu ili sauti yake ifike katika kila nyumba. Bonhoeffer aliuawa kwa kunyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Upande wa pili wa bahari, hakuna aliyemkata sauti Padri Charles Coughlin. Alianza matangazo yake karibu na Detroit, Marekani, mwaka 1926, kwa kipindi cha kuwafundisha watoto dini. Alikuwa na sauti ya kupendeza, na aliwasemea maskini wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Wasikilizaji wake walihesabiwa kwa mamilioni. Hatua kwa hatua siasa ilichukua nafasi ya mafundisho, na chuki dhidi ya Wayahudi ikafuata. Mwaka 1938 gazeti lake lilichapisha maandiko ya kughushi yanayodai kwamba Wayahudi wanapanga kuitawala dunia. Mnamo Novemba mwaka huo, baada ya masinagogi kuchomwa moto Ujerumani, alitumia redio kuelekeza lawama kwa Wayahudi wenyewe. Mwaka 1942 askofu wake alimwamuru aache shughuli za siasa. Kwa miaka mingi watu wema walikuwa wamemsikiliza kila Jumapili, wakidhani wanasikiliza dini.

Hapa ndipo tunakutana na walimu. Mwaka 1937 taasisi ndogo ya kuchambua propaganda ilianzishwa mjini New York, ikaandaa masomo kwa ajili ya shule na vikundi vya watu wazima. Mwaka 1939 ilitoa kitabu kilichochambua hotuba za Coughlin moja baada ya nyingine. Wanafunzi walifundishwa kutambua mbinu saba: kumbandika mtu jina baya, kutumia maneno matamu yasiyo na maana mahususi, kuazima heshima ya kitu kitakatifu ili kupamba jambo jingine, kuleta ushuhuda wa mtu maarufu, kujifanya mtu wa kawaida kama msikilizaji, kuchagua habari za upande mmoja tu, na kumvuta mtu afuate mkumbo.

Tuiangalie orodha hiyo kwa unyofu. Mbinu hizo zote saba zinaweza kutumika mimbarani. Walimu wale walipotafuta mfano wa kuwafunza watu kusikiliza kwa makini, mfano waliouchukua ulikuwa mhubiri. Jambo hilo halituondolei haki ya kuhubiri. Linatukumbusha kwamba joho peke yake si uthibitisho wa ukweli.

Redio ya Injili na vikundi vya mwaka 1973

Afrika Mashariki redio ilienea hasa baada ya kuja kwa redio ndogo za betri, zilizofika hata vijiji visivyo na umeme. Kanisa lilikuwamo katika safari hiyo. Mwaka 1963 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha redio cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie alihudhuria ufunguzi. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, vikapelekwa Addis Ababa kurushwa hewani. Waanzilishi waliamua kwamba takriban asilimia 30 ya matangazo iwe ya uinjilisti, na asilimia 70 iwe ya elimu, habari na utamaduni. Waliona kwamba msikilizaji anayeelezwa ukweli juu ya maji safi na mbegu bora ana sababu ya kumwamini msemaji anapofika kwenye habari za Kristo. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho na kukigeuza kuwa sauti ya mapinduzi. Mitambo ilikuwa ile ile. Asiyejua kupima maneno hakuwa na namna ya kuutambua ugeni ule isipokuwa kwa jina la kituo.

Tanzania nayo ilipata somo kubwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili watu wapatao milioni mbili, katika vikundi nchi nzima, walikutana kusikiliza redio pamoja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo na kijitabu cha kusoma. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza. Malaria inatupataje hapa kwetu? Kichocho kinatoka katika mto upi? Tufanye nini wiki hii? Mwisho wa mazungumzo walikubaliana kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki.

Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika redio pekee. Matangazo juu ya afya yalikuwapo hata kabla ya hapo. Jambo jipya lilikuwa kwamba sauti ilipokelewa na kikundi, ikaulizwa maswali, ikalinganishwa na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao. Hata mkulima aliyekuwa hajui kusoma alipata nafasi ya kusema, "Hapa kwetu haiko hivyo." Sauti ya redio haisubiri, ikipita imepita. Kikundi ndicho kilichoisimamisha na kuitazama vizuri.

Rwanda na Arusha

Miaka ishirini baadaye, kwa jirani zetu, tuliona yanayotokea sauti isipokutana na swali. Mwezi Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo mjini Kigali. Hakikuanza kwa kutisha. Kilipiga muziki uliopendwa, watangazaji wake walitania na kuongea kama watu wa mtaani, na vijana walikipenda. Katikati ya mzaha huo Watutsi waliitwa mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, kituo kilitaja majina ya watu, magari yao na mahali walipojificha. Katika siku mia moja hivi, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wasiopungua laki nane waliuawa.

Watafiti wanatuonya tusiibebeshe redio mzigo wote, maana mauaji yalipangwa na viongozi na kutekelezwa kwa amri, kwa vitisho na kwa mapanga. Onyo hilo ni la haki. Lakini mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha haikusema kwamba maneno hayakuwa na kosa. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Mmoja wao, Ferdinand Nahimana, mwanzilishi wa RTLM, alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu. Hakushika panga. Rufaa ya mwaka 2007 ilibatilisha sehemu ya hukumu na kupunguza kifungo chake cha maisha hadi miaka 30, lakini ilimwona na hatia kwa matangazo yaliyotoka baada ya tarehe 6 Aprili.

Kwetu sisi wa kanisa jambo hili lina uchungu wa pekee. Rwanda ilikuwa nchi ambayo watu wengi sana walikuwa wamebatizwa. Waliokimbilia makanisani Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo. Masikio yaliyosikia Neno Jumapili ndiyo yaliyosikia RTLM Jumatatu. Ubatizo haukuwa kinga dhidi ya sauti, kwa sababu imani isiyozoezwa kupambanua hupokea yote kwa mkono mmoja.

Baada ya hapo redio ilitumiwa pia kuponya. Tangu mwaka 2004 mchezo wa redio uitwao Musekeweya umekuwa ukisimulia habari za vijiji viwili vya kubuni, namna chuki ilivyoota kati yao na namna wenyeji walivyoweza kuipinga. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa muda wa mwaka mmoja. Imani za mtu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni ujasiri: waliousikiliza walikuwa tayari zaidi kusema mbele ya wenzao pale wasipokubaliana. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa mwaka 1994 watu wa namna hiyo ndio waliohitajika.

Darasa letu la leo

Sauti sasa haitoki redioni tu. Inakaa mfukoni, ndani ya simu. Ujumbe wa sauti hufika kwenye kundi la kwaya au la jumuiya bila jina la msemaji, bila tarehe, na ndani ya saa moja umepita mikononi mwa mamia. Akili unde imeongeza jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: sauti ya mtu tunayemfahamu inaweza kutengenezwa, ikasema maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Zamani tulisema, "Nimemsikia kwa masikio yangu," na maneno hayo yakatosha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba darasa la kipaimara na shule ya Jumapili ya vijana wakubwa zipate somo la kusikiliza, kama zinavyopata somo la sala. Halihitaji fedha. Mwalimu achukue sauti ya dakika mbili: tangazo la dawa, sehemu ya hotuba ya siasa, ujumbe uliosambazwa, hata kipande cha mahubiri. Vijana waisikilize mara ya kwanza wakiwa kimya. Kisha wajiulize: ni nani anayesema, na tunajuaje? Anataka tufanye nini? Ni habari gani ameiacha? Je, kuna mtu amebandikwa jina? Tukiisambaza, nani ataumia? Halafu waisikilize mara ya pili. Mara nyingi ya pili husikika tofauti, kwa kuwa muziki na msisimko vimekwisha kupoa na maneno yamebaki peke yake.

Wapo wazazi watakaouliza kama somo hili halitawafanya vijana kuwa wabishi kanisani. Hofu yao tunaielewa. Lakini kitabu cha Matendo ya Mitume kinawasifu watu wa Beroya, ambao walilipokea neno kwa moyo wa kupenda, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama Paulo alisema kweli. Aliyechunguzwa alikuwa mtume, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alikasirika. Paulo mwenyewe aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Mhubiri anayesema kweli hapotezi kitu akipimwa. Anayeogopa kupimwa ndiye ambaye vijana wetu wanahitaji kulindwa naye.

Kwa hiyo zoezi hilo lianzie kwetu. Wiki moja kila mwezi, baada ya ibada, vijana wakae na mchungaji au mwinjilisti waliyemsikiliza, wamuulize maswali yale yale wanayoiuliza redio, naye awajibu Biblia ikiwa wazi mkononi. Kijana aliyezoea kumuuliza mchungaji wake kwa heshima hatashindwa kuiuliza sauti isiyo na jina inayomfikia usiku kwenye simu, ikimwambia kwamba jirani yake ni adui.