MOTO AU MAFUTA?
Historia fupi ya ufundi wa magari nyumbani kwetu Kusini



Nilipotakiwa kuandika makala ya historia, najua wengi mlitegemea nizungumzie Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vina waandishi wake. Mimi nimechagua historia isiyo na mnara wala sikukuu, ambayo kila mtu wa Mbesa na Tunduru ameionja: historia ya gari lililoharibika na watu waliojua kulitengeneza bila gereji.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, nilikuwa nikirudi shuleni kutoka likizo. Nilipata lifti katika Land Rover ya zamani iliyokuwa ikimpeleka mama mmoja mjamzito katika hospitali ya misheni hapa Mbesa. Tulivuka kijito kilichofurika, na tulipofika ng'ambo injini ikazimika. Yule mama alikuwa ameshikwa na uchungu. Sisi abiria tulianza kupiga kelele, kila mmoja na shauri lake.

Dereva, mzee aliyeanza kazi kama utingo, hakujibu hata neno moja. Alimgeukia utingo wake akauliza, "Moto au mafuta?" Kijana akalegeza paipu ya petroli mbele ya kabureta, akasukuma pampu kwa mkono, petroli ikatoka. "Mafuta yapo, mzee." Wakaifunga paipu na kupangusa petroli iliyomwagika. Kisha wakachomoa plagi moja, wakairudisha kwenye waya wake, wakaigusisha kwenye chuma cha injini na kuzungusha kwa hendeli. Hakuna cheche. "Basi ni moto," akasema mzee. Wakafuata nyaya mpaka kwenye distribyuta, wakafungua kifuniko, wakakuta ndani kuna matone ya maji. Utingo alivua shati, akakausha. Injini ikawaka. Kazi yote haikuzidi robo saa, na usiku ule ule yule mama alijifungua salama.

Swali lile la maneno matatu lina historia ndefu. Huku Kusini mashine nyingi kwa mara moja zilikuja na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za mpango huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita kuu ya pili, na sehemu kubwa yaliharibika mapema kwa uchakavu, kwa ugumu wa ardhi na kwa kukosa vipuri. Hilo lilikuwa somo la kwanza: mashine bila vipuri na bila fundi ni chuma tu.

Somo la pili tulilipata baada ya Uhuru. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mwaka 1978 tukaingia vitani na Idi Amin, na mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikawa adimu. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la Taifa, na mwenye gari bovu aliweza kungoja kipuri kwa miezi. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ndipo hali ilipoanza kulegea.

Katika miaka hiyo ya dhiki, hapana budi watu walijifunza. Tanki la petroli likitoboka, walilisugulia kipande cha sabuni ya kufulia, kwa kuwa sabuni haiyeyuki katika petroli. Gasketi ilikatwa kwenye boksi la karatasi ngumu. Mkanda wa feni ukikatika, mpira wa tairi ya ndani ulifungwa badala yake mpaka kijiji cha mbele. Yalikuwa matibabu ya kufikia nyumbani tu. Wengine walivuka mipaka wakatia maji ya sabuni kwenye breki. Maji hayo huchemka gari linaposhuka mlima, na breki hupotea. Sipendi tusifu werevu wa zamani tukasahau kwamba baadhi yake uliua.

Lakini hazina yenyewe haikuwa sabuni wala mpira. Hazina ilikuwa ni utaratibu wa kuuliza. Mtu asiye na kipuri hawezi kubahatisha. Anapima kwanza, anaondoa lisilohusika, anabaki na linalohusika. Hii ndiyo sayansi ile ile tuliyofundishwa katika maabara, ila wao waliisoma chini ya mwembe.

Sasa nikiri kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi nina shahada ya chuo kikuu na ninafanya kazi ya Serikali mjini Songea. Mwaka 2019, alfajiri, nilipigiwa simu kwamba baba amefariki dunia na atazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Barabara ya Songea hadi Tunduru, zaidi ya kilomita 250 ambazo zamani masika yalizigeuza kuwa safari ya siku kadhaa, ilikuwa imekwisha wekwa lami. Muda ulitosha. Nikageuza ufunguo, gari likalia "tik," likanyamaza.

Sikuuliza chochote. Niliita fundi, akasema ni betri. Nikanunua betri mpya. Bado. Akasema ni stata. Tukahangaika kutafuta nyingine na kuifunga. Bado. Kila mara niliamini kwamba baada ya nusu saa litawaka, na wakati huo mabasi ya asubuhi yalikuwa yameondoka. Saa nane mchana alipita jirani yangu, dereva mstaafu. Aliniambia niwashe taa za mbele kisha nigeuze ufunguo. Taa zikafifia mpaka karibu kuzima. Akasema, "Betri ni mpya, kwa hiyo umeme upo, njia ndiyo mbovu." Akachukua waya mnene, akaunganisha upande wa hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. Gari likawaka papo hapo. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu pale ulipofungwa. Kuukwangua kulichukua dakika tano.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku. Baba alikuwa amekwisha zikwa. Simlaumu fundi, kwani mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ile Land Rover mwaka 1998, na somo nilipewa bure.

Wapo watakaosema magari ya leo si yale. Ni kweli. Kabureta imeondoka, petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta, na pampu imejificha ndani ya tanki. Marekani ililazimisha magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu, na nchi nyingine zikafuata. Lakini kile kifaa cha kusomea hitilafu hutaja mahali malalamiko yanapotoka, wala hakithibitishi kipi kimevunjika. Namba inayotaja kihisio yaweza kuwa ni waya uliokatwa na panya. Swali la mzee bado lina kazi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, gari likigoma, fuateni hatua. Injini haizunguki kabisa? Anzeni na umeme: taa, vichwa vya betri, waya wa ethi. Inazunguka lakini haiwaki? Ulizeni moto au mafuta. Inachemka? Zimeni, ngojeni ipoe, ndipo mfungue rejeta, kwa maana mvuke wake hubabua uso. Kisha tazameni maji, mkanda na feni. Msishike nyaya za plagi injini ikizunguka, na msiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Breki na usukani mpelekeeni fundi mwenye ujuzi.

Na ninyi wenzangu mtakaokuja na magari yenu kwenye mkutano wetu, nawaomba tutenge saa moja, tufungue boneti mbele ya vijana, tuwaonyeshe. Wale wazee wa barabara ya Tunduru wanazidi kupungua, na wengi hawakuandika chochote.