Spika Iliyokataliwa Nyumbani, Ikaenda Kutawala Studio

Nilipoacha chuo, kitu cha kwanza kununua na pesa ya video haikuwa kamera. Ilikuwa woofa. Ile ya Luthuli Avenue, taa za rangi mbele, rimoti, besi ya kutikisa vikombe kwa kabati. Usinicheke. Sisi wengi tumelelewa na matatu, masikio yetu yanajua spika ni nzuri kama kifua kinatetemeka.

Shida ilianza kwa kazi. Nikihariri video kwa keja, sauti yangu ilikuwa nzito kama ya mtangazaji wa redio. Nikiipandisha mtandaoni, watu wanaandika: bro, hatukuskii, biti imekumeza. Wiki baada ya wiki, hivyo hivyo. Kumbe uzito wote ulikuwa wa woofa, si wangu. Simu haina hiyo besi, kwa hivyo mtazamaji alikuwa anapata mabaki.

Ndio nikaanza kufuatilia hizi spika ndogo za kuwekwa kwa rafu zimetoka wapi.

Zamani ukitaka besi ya maana nyumbani, ulihitaji boksi kubwa kama kabati la nguo. Mwaka wa 1954, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kutoa spika inaitwa AR-1. Walifunga boksi hewa isitoke, halafu wakaacha hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi ya koni. Boksi likawa dogo na besi ikashuka chini kweli. Bei yake? Inakula nguvu ya amplifaya vibaya sana. Hiyo sheria bado iko: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa nguvu kidogo, unapata mbili, ya tatu unaikosa. Muuzaji akikuahidi zote tatu, shika simu yako vizuri.

Lakini walionifunza kitu ni Waingereza. Mapema miaka ya 1970, mafundi wa BBC walikuwa na tatizo la matangazo ya nje. Fundi amekaa ndani ya gari, nafasi hakuna, na lazima ajue kama sauti ya msomaji inatoka sawa. Hedifoni hazikutosha. Tayari walikuwa na kispika kidogo walichotumia kwenye majaribio ya vyumba vya mfano, wakashangaa kinavyosikika vizuri. Wakakiendeleza mpaka ikatoka LS3/5A, kiboksi cha urefu wa sentimita 30 hivi. Plaiwudi nyembamba iliyobandikwa vitu vya kunyonya mtetemo, na vipande vya felti kuzunguka twita ili sauti isigonge kingo na kurudi.

Kipimo chao kikuu kilikuwa sauti ya mtu akiongea. Ukifikiria, ni akili. Gitaa hujui lilisikikaje siku hiyo studio, lakini sauti ya binadamu umeijua tangu uzaliwe. Ikidanganya, unashtuka hapo hapo. Besi ya chini kabisa waliiacha tu. Wakaacha kilima kidogo juu ya Hz 100 hivi, sikio linajazia lenyewe. Kampuni kama Rogers na Spendor zikapewa leseni, na kitu kilichotengenezewa gari kikaingia sebuleni mwa watu. Hadi leo kuna wazee wanakitafuta kama shamba.

Sasa ile hadithi ninayoipenda imeenda upande wa pili kabisa. Mwaka wa 1978 Yamaha ya Japani ilitoa NS-10, spika ya nyumbani, koni nyeupe. Watu wa nyumbani hawakuipenda. Kali, besi haipo. Ingekufa hapo. Lakini mafundi wa studio waliiweka juu ya meza ya kuchanganyia, na meza ikairudishia besi kidogo. Ule ukali wake uko katikati, mahali sauti ya mwimbaji inakaa. Ukikosea hapo, inakupigia kelele. Twita ilikuwa kali hadi watu wakawa wanaining'inizia tishu ya choo mbele, serious. Mwaka wa 1987 Yamaha ikatoa toleo la studio lenye twita iliyotulizwa, nayo ikaendelea hadi 2001. Mwaka wa 2008 ikaipatia Yamaha Grammy ya kiufundi. Spika iliyokataliwa sebuleni, na nyimbo nyingi mnazocheza sebuleni zilipitia kwake.

Kwa hivyo mtu akiniuliza spika gani ni nzuri, mimi namuuliza ya kufanya nini. NS-10 kwa kitanda chako Jumapili itakuumiza kichwa. Woofa yangu kwa pati ni moto.

Nilirudi mjini na simu yangu tu. Muuzaji aliweka ngoma ya besi, kama kawaida. Nikamwomba, boss, cheza hii: sauti ya mamangu akinitumia ujumbe wa WhatsApp, ananiuliza kama nimekula na lini narudi chuo. Jozi ya kwanza, mamangu alikuwa ndani ya pipa. Ya pili alikuwa anaongea kwa pua. Ya tatu, boksi dogo jeusi la mtumba halina hata taa moja, alikuwa amesimama hapo dukani. Hata muuzaji aligeuka. Nikamwambia asawazishe sauti zote tatu, maana iliyo juu zaidi huwa inashinda bure, na bado ya tatu ilishinda.

Nikaibeba nyumbani, nikafungua video yangu ya mwisho. Nilikuwa naskika mwembamba, mbali, nimezibwa na biti yangu mwenyewe. Vile mlikuwa mnaniambia. Nimefuta nne na ninazirekodi upya, ya kwanza inatoka Ijumaa.