Kabla hujachagua timu ya Uingereza

Jumapili iliyopita alinijia nyumbani mpwa wangu, binti aliyemaliza chuo juzijuzi na kupata kazi yake ya kwanza hapa mjini. Maisha yake yote hakuwa na habari na kandanda. Lakini huko ofisini kwao kila Jumatatu asubuhi mazungumzo ni ligi ya Uingereza tu, naye hukaa pembeni kama mgeni kwenye harusi asiyomjua bwana wala bibi. Akaniambia, "Mjomba, na mimi nataka timu. Nichukue ipi?" Nikamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akajibu bila kusita, "Ile inayowafunga wenzake."

Jibu hilo si geni. Wengi wetu tulichagua hivyo hivyo. Hata hivyo nilimwambia avute kiti nimsimulie kidogo, maana anayechagua timu kwa ushindi wa mwaka huu hana tofauti na anayechagua mchumba kwa kutazama nguo za sikukuu.

Tuanzie mwaka 1888. Wakati huo klabu za Uingereza zilikuwa zikicheza mechi za kirafiki na za makombe tu. Mechi zilifutwa ovyo, timu ngeni hazikutokea, na watu walirudi nyumbani wakinung'unika. Pale Birmingham alikuwapo Mskochi mmoja mwenye duka la vitambaa, William McGregor, kiongozi katika klabu ya Aston Villa. Mwezi Machi mwaka huo aliziandikia barua klabu kadhaa akipendekeza wakutane na kupanga ratiba itakayoheshimiwa. Mwezi Septemba ligi ikaanza kwa timu 12, zote za kaskazini na katikati ya Uingereza. London haikuwa na timu hata moja.

Bingwa wa kwanza alikuwa Preston North End. Alicheza mechi 22, akashinda 18, akatoka sare 4, hakufungwa hata moja. Msimu huo huo akachukua na Kombe la FA. Mwaka 1890 akatwaa ubingwa tena. Laiti mpwa wangu angeuliza swali lake siku zile, mji mzima ungemjibu: Preston! Na mpaka leo Preston hajauonja tena ubingwa wa ligi.

Sasa timu hizi zilitoka wapi? Nyingi hazikuzaliwa na matajiri. Zilizaliwa pale wafanyakazi wa viwandani walipoanza kupata nafasi Jumamosi mchana. Wengine walikusanywa na kazi, wengine na kanisa.

Manchester United ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, na waanzilishi wake walikuwa wafanyakazi wa reli katika karakana ya mabehewa. Ilikaribia kufa kwa madeni, ikaokolewa na kubadilishwa jina mwaka 1902. Arsenal iliundwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mwa mto Thames, ndiyo maana nembo yao ina mzinga. Walihamia kaskazini ya London mwaka 1913. West Ham ilizaliwa mwaka 1895 katika kiwanda cha kuunda meli, na nyundo mbili za nembo yao ni nyundo za mafundi hao. Manchester City ilitokana na kanisa la Mtakatifu Marko mwaka 1880.

Everton nayo ilitokana na kanisa, mwaka 1878, na kwa miaka kadhaa ilicheza uwanja wa Anfield. Ukatokea ugomvi baina ya klabu na John Houlding, mfanyabiashara wa bia, na kodi ya uwanja ikiwamo. Mwaka 1892 Everton wakafungasha virago wakahamia Goodison Park. Houlding akabaki na uwanja mtupu, akaunda timu yake mpya ya kuutumia. Timu hiyo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo ukiwaona watani hawa wakirushiana maneno, kumbuka chanzo chake ni kama ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji.

Mpwa wangu akaniuliza historia hiyo ina faida gani kwake. Nikamwambia faida yake huonekana timu inapoanguka. Na zote huanguka.

Manchester United walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1968. Mwaka 1974, miaka sita tu baadaye, wakashuka daraja. Nottingham Forest walichukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980, na mwaka 2005 wakashuka mpaka daraja la tatu. Manchester City, ambao watoto wa leo hudhani walizaliwa matajiri, walishuka daraja la tatu mwaka 1998, miaka kumi kabla ya fedha za Abu Dhabi kufika. Leicester walitwaa ubingwa mwaka 2016 dunia ikashangaa. Mwaka 2023 wakashuka.

Kuna kisa kinachonigusa zaidi ya hivyo vyote. Wimbledon ilikuwa klabu ndogo ya London iliyowafunga Liverpool katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 2002 wenye klabu wakapewa ruhusa ya kuihamishia Milton Keynes, mji mwingine kabisa. Washabiki walilia, walipinga, hawakusikilizwa. Basi wakaunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, na wachezaji wakawatafuta kwa majaribio ya wazi kwenye mbuga ya mtaani kwao. Wakaanzia ligi za chini, wakapanda mara tano katika misimu tisa, na mwaka 2011 wakaingia katika ligi za kulipwa. Mwaka 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa ule ule. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba tajiri anaweza kununua jina na wachezaji, lakini klabu ni wale wanaobaki.

Na sisi je, tulio mbali na Uingereza? Mapenzi haya hayakuanza na madishi. Simba yetu ya Dar es Salaam iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Na Januari 2020 Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa, klabu ile ile ya McGregor, mtaani kwetu kila mtu alikuwa Villa. Alipofunga bao la kichwa Wembley, tarehe 1 Machi mwaka huo, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, tulipiga kelele hata mbwa wakabweka, ijapokuwa Villa walifungwa 2-1. Septemba akaenda Uturuki. Jezi za Villa nazo zikaenda sijui wapi.

Mimi sina haki ya kumcheka mtu. Nimehama timu mara mbili maishani, na mara zote nilihamia kwa waliokuwa wakishinda. Lakini jirani yangu mmoja, fundi seremala, aliipenda Leeds kwa kuisikia redioni ilipotwaa ubingwa mwaka 1992. Leeds walishuka mwaka 2004, wakakaa nje ya ligi kuu miaka 16. Kwenye kibanda cha video watu walimtania kila wiki, naye alicheka nao. Leeds waliporudi mwaka 2020, mtaa mzima ulikwenda kumpa mkono kama mzee aliyerudishiwa mtoto aliyepotea. Nami nilikwenda. Nikiwa njiani kurudi nikawaza kwamba timu zangu zote zimewahi kuchukua vikombe, na hakuna siku hata moja mtu aliyekuja kunipa mkono mimi.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuchagua. Nani waliianzisha timu hii? Iliwahi kuanguka? Na ilipoanguka, watu wake walifanya nini? Akipata jibu linalomgusa, aichukue, hata kama iko daraja la tatu.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, wale wa karakana ya mabehewa." Nikamtazama. Baba yangu, yaani babu yake, alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli Tabora mpaka alipostaafu, na binti huyu alilelewa mikononi mwake. Nikamwonya kwamba msimu wa 2024/25 timu hiyo ilimaliza ya 15, na ofisini watamcheka. Akanijibu kwamba babu yake alimzoesha kusubiri treni.

Sikuwa na neno la kuongeza. Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.