Kijiji Kilifuata Barabara, Barabara Ikakufa
Historia ya makao yetu katika pori la Ituri

Mgeni anapofika kwetu, katika vijiji vya Walese upande wa Nduye, kilometa 60 hivi kaskazini ya Mambasa, neno lake la kwanza ni hili: "Ninyi munaishi mbali sana!" Sisi tunacheka, tunamupa kiti ndani ya baraza, tunakubali. Kwa macho yake ana haki. Nyumba ni chache. Kutoka kijiji kimoja mpaka kingine ni mwendo mrefu chini ya miti, na mgonjwa anabebwa kwa kipoyi. Teritware ya Mambasa peke yake ni kubwa kuliko Ubelgiji nzima, lakini kuna mahali unatembea tangu asubuhi mpaka jioni bila kusikia jogoo.

Lakini tujiulize: mbali na nini? Na watu wachache tangu lini? Wengi kati yetu, hata sisi tuliosoma, tunafikiri pori ndilo lilifanya vijiji vyetu kuwa vidogo na kusahauliwa. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba sivyo. Kijiji tunachokijua leo hakikukaa hapa siku zote. Kililetwa.

Zamani, mbele ya Wazungu, kila ukoo ulikuwa na kijiji chake ndani ya pori, karibu na mto mdogo. Watu walikata shamba, wakapanda ndizi, na udongo ulipochoka walihama kidogo, si mbali, ndani ya mipaka ambayo majirani waliijua. Walese hawakuwa peke yao. Kila ukoo ulikuwa na Waefe wake, Wambuti wanaowinda kwa mishale. Mwefe alileta nyama na asali, wake zao walisaidia kazi ya shamba, na Mulese alitoa ndizi na vyuma. Urafiki huo mtoto aliupokea kwa baba yake. Hatusemi kwamba ulikuwa wa haki kila siku, maana Mulese alipenda kujiita mkubwa. Lakini ndani ya maisha hayo hakuna aliyeishi "mbali". Kila mtu alikuwa katikati ya watu wake.

Halafu kukaja biashara ya pembe za tembo na watumwa. Wangwana walifika kutoka upande wa mto Kongo, wakajenga kambi zao ndani ya Ituri. Stanley, aliyeingia porini kutoka Yambuya mwezi wa 6 mwaka 1887 na kutoka kwenye majani mwezi wa 12, alikuta kambi za Ugarrowwa na Kilonga-Longa, na vijiji vingi ambavyo watu wake walikuwa wamekimbia. Watu wake mwenyewe pia walikula mashamba ya wenyeji. Wasomaji wa Ulaya walifundishwa kwamba hilo ni pori la giza lisilo na watu. Kumbe watu walikuwepo, walijificha. Wangwana walishindwa na Serikali ya Leopold katika vita ya mwaka 1892 mpaka 1894, lakini walituachia mupunga na Kiswahili hiki tunachoandika.

Bulamatari naye alikuja na sheria yake. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885 iliandikwa kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa Serikali. Kwa macho ya mtu wa ofisi, udongo wenye mwenyewe ni ule wenye nyumba ao shamba lililolimwa. Matongo ya babu, mito ya samaki, miti ya asali, njia za kuwinda: vyote hivyo kwake vilikuwa pori tupu.

Kisha barabara ikakatwa, kwa jembe na kwa mikono. Ni katika miaka ya 1930 na 1940 hasa ndipo Walese wengi walitolewa ndani ya pori na kuwekwa kando yake. Sababu zilikuwa wazi: kuhesabu watu, kukusanya kodi, kupima magonjwa, kusimamia mashamba ya lazima, ambayo sheria yake ilikuwepo tangu mwaka 1917, na kupata mikono ya kutengeneza barabara yenyewe. Koo zilizokuwa mbalimbali ziliwekwa jirani, na kapita juu yao. Wakati wa vita ya Wazungu, kuanzia mwaka 1942, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wazee wetu hawakuisahau fimbo ya wakati huo.

Lakini tuseme ukweli wote. Barabara ilileta pia chumvi, nguo, masomo na dawa. Watoto walizaliwa kando yake, wakaizoea. Kidogo kidogo kijiji cha kulazimishwa kikawa kijiji chetu. Njia ilikwenda mpaka Mungbere, mahali reli iliishia tangu mwaka 1937, na karanga yetu ilikuwa na mnunuzi.

Ndipo barabara nayo ikaanza kufa. Katika vita ya Wasimba, mwaka 1964, watu walikimbilia ndani ya pori, kwa Waefe, na wengi wanaishi leo juu ya ukarimu huo. Padre Bernardo Longo, Mwitaliano aliyeanzisha misioni ya Nduye, aliuawa kule Mambasa mwezi wa 11 wa mwaka ule. Baada ya vita watu walirudi kando ya barabara, lakini madaraja yaliyooza hayakupata mbao mpya. Zairianisation ya mwaka 1973 iliondoa wenye magazini na mashamba makubwa, na malori yakapunguka. Katika miaka ya 1980 gari lilikuwa jambo la kusimulia. Vijana walishuka kwenye barabara kubwa ya Kisangani ao kwenye machimbo ya zahabu.

Na waliobaki hawakuzaa sana. Watafiti waliokaa kati ya Walese na Waefe katika miaka ile ya 1980 waliona wanawake wengi waliokuwa na mtoto mmoja ao bila mtoto kabisa, na magonjwa ya zinaa ndiyo yalitajwa kuwa sababu kubwa. Ngapi kati ya mama zetu walifukuzwa kwao na kuitwa walozi, kumbe ni ugonjwa ambao sindano ingeuponyesha? Uchache wetu, basi, haukutoka kwa miti.

Vita ikarudi. Mwisho wa mwaka 2002 waaskari wa MLC na RCD-N waliingia Mambasa katika kampeni waliyoiita "Effacer le tableau", kufuta ubao. Watu walikimbia tena. Ubao uliotakiwa kufutwa ulikuwa sisi.

Sasa, kwa nini kuandika haya? Si kwa kutaka kurudi ndani ya pori. Hakuna mama anayetaka kuzaa mbali na dawa. Tunaandika kwa sababu lile neno la mwaka 1885, "pori tupu", halijafa. Mtu wa mbao, mtu wa zahabu, hata mtu wa kulinda wanyama, wote wanafungua karte, wanaona nyumba zetu chache zimepangwa kando ya njia, na nyuma yake rangi ya majani tu. Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka 1992, ina kilometa mraba zaidi ya 13 000. Hatuikatai, maana inalinda pori hilo hilo. Lakini nyuma ya ile rangi kuna matongo ya babu zetu.

Na matongo yanaonekana. Ukikuta miti ya ngazi imesimama pamoja katikati ya pori kubwa, jua kwamba hapo palikuwa na watu. Kuna pia vipande vya vyungu na mawe ya kunoa. Dekreti ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamaa la wenyeji kuomba pori lao la desturi, mpaka hektari 50 000, lakini linapaswa kuonyesha karte na kupatana na majirani juu ya mipaka. Karte hiyo itatoka wapi, kama hatujui babu alilala mto gani?

Kwa hiyo tunawaomba vijana wenye kusoma: katika kiangazi, mwezi wa 1 na wa 2, wakati njia zinakauka, ombeni mzee mmoja na Mwefe mmoja wawaongoze. Beba daftari. Andika jina la mto, jina la ukoo, hesabu ya miti ya ngazi, na nani alizikwa hapo. Mwefe asiachwe nyuma, maana yeye alitembea kule wakati sisi tulikuwa tumekaa kando ya barabara tukingoja lori. Wazee waliozaliwa mbele ya kuhamishwa karibu wote wamekwisha. Watoto wao wangali hapa, na miguu yao bado inajua njia.