BALOZI WA NYUMBA KUMI: MTU ALIYEJUA NANI KALALA NJAA

Kabla ya magrupu ya WhatsApp ya mtaa, habari ya jirani ilikuwa na mlango mmoja tu: kwa balozi.

Mfumo huu uliletwa na TANU miaka ya 1960. Nyumba kumi, au karibu na hapo, zilikuwa na kiongozi mmoja. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa chama, ila mtaani alikuwa zaidi ya hapo. Mgeni kaingia? Apelekwe kwa balozi. Mume na mke wamegombana usiku? Aamshwe balozi. Kuku kaibiwa, mpaka wa shamba umesogezwa, msiba umetokea: balozi. Baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipoadimika, yeye ndo alijua kila nyumba ina midomo mingapi.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Yule yule aliyesuluhisha ugomvi wako ndiye aliyekuwa jicho la chama. Ukiropoka, ilijulikana.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Balozi akabaki wa CCM, mambo ya serikali yakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa anayepigiwa kura na wote. Ni haki zaidi, lakini mwenyekiti ana nyumba nyingi mno, sio kumi.

Babati ikaguswa zaidi mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na mji ukawa makao makuu. Kwenye mji wa Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wambugwe wakaongezeka watumishi, wafanyabiashara na wapangaji. Leo nenda Bagara au Maisaka, utamkuta mpangaji ana mwaka mzima na hajui jina la anayeishi ukuta wa pili.

Pengo hilo ndilo simu imeliziba. Mwizi, umeme kukatika, msiba: dakika mbili mtaa mzima unajua. Shida ni kwamba kwenye simu wote wanasema na hakuna anayewajibika. Mtu akisingiziwa wizi saa nne usiku, asubuhi nani anamsafisha? Balozi akikosea, watu walijua mlango wa kugonga.

Hakuna haja ya kurudisha jicho la chama. Kinachokosekana ni yule mtu mmoja ambaye akisikia kelele usiku anavaa kandambili na kwenda, badala ya kuuliza kwenye simu "kuna nini huko?"

Kwenye nyumba kumi za kwenu, ni nani huyo?