Fimbo Nyembamba ya Besi na Asili ya Uvuvi wa Kubembeleza

Fimbo ya kuvulia besi inayouzwa leo katika maduka ya Marekani na Japani huwa na maandishi machache juu kidogo ya mpini wake, na mnunuzi hutarajiwa kuyaelewa kabla ya kutoa fedha: urefu, nguvu, yaani ukinzani wa fimbo dhidi ya mzigo, mpindo, yaani mahali fimbo inapoanzia kupinda ncha yake ikivutwa, na mwisho uzito wa chambo na nguvu ya mshipi vinavyoifaa. Kwa uvuvi wa kubembeleza, ambao hutumia chambo bandia kidogo na mshipi mwembamba ili kumshawishi samaki aliyeshiba au aliyekwisha kushtuka, inayopendekezwa kwa kawaida ni fimbo ya futi 7 hivi, yenye nguvu ndogo kiasi na ncha inayopinda upesi, ya kurusha chambo kisichozidi sana robo ya wakia kwa mshipi unaohimili ratili 6 hadi 8. Wavuvi hawakuvibuni vipimo hivyo peke yao. Vingi vilitokana na kiwanda cha sufu, kiwanda cha kioo na maabara ya ndege, na vilikuja kuhitajika kwa sababu ya mabwawa yenye maji maangavu mno na wavuvi wengi mno.

Besi mwenye mdomo mpana ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, mzaliwa wa mashariki ya Amerika Kaskazini, anayewinda kwa kuvizia kando ya magugu, miamba na magogo yaliyozama. Daktari James Henshall, aliyechapisha mwaka 1881 kitabu kizima kumhusu samaki huyu na jamaa zake, ndiye aliyemtetea mbele ya waungwana waliodhani kwamba hakuna samaki wa heshima isipokuwa trauti na samoni. Wakati huo Wamarekani walikuwa tayari na chombo chao wenyewe, yaani rili iliyoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky. Rili ni kifaa kinachofungwa kwenye mpini wa fimbo ili kuhifadhi na kuvuta mshipi. Ile ya Snyder iliunganisha mkono wa kuzungushia na meno ya gia, hivyo mzunguko mmoja wa mkono ukazaa mizunguko kadhaa ya gurudumu lenye mshipi. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, lakini ilikuwa na kikwazo ambacho hakikuondoka kwa miaka 100 na zaidi.

Kikwazo chenyewe kilikuwa katika namna ya kurusha. Katika rili ya Kentucky, chambo kinaporuka ndicho kinacholivuta gurudumu lizunguke, na gurudumu likishashika kasi huendelea kuzunguka hata chambo kikipungua mwendo, mpaka mshipi ukajisokota na kuwa fundo moja kubwa. Chambo kizito huweza kuliamsha gurudumu na kidole gumba kikalizuia kwa wakati wake. Chambo cha sehemu ya 16 ya wakia hakina nguvu ya kuliamsha hata kidogo. Kwa hiyo mvuvi wa besi, hata akiwa hodari namna gani, alilazimika kutumia chambo kizito, na chambo kizito kilidai mshipi mnene na fimbo ngumu.

Ufumbuzi ulitoka ng'ambo. Mwaka 1884 Peter Malloch wa Perth, Uskochi, alitengeneza rili ambayo gurudumu lake liligeuzwa upande wakati wa kurusha, mshipi ukateleza kutoka ukingoni pasipo gurudumu kuzunguka. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mtu wa biashara ya sufu huko Bradford, Uingereza, alisajili rili ambayo bobini yake haikuzunguka kabisa, si wakati wa kurusha wala wa kuvuta. Kilichozunguka ni mkono mdogo uliouviringisha mshipi juu yake. Aliyezoea kuona nyuzi zikichomoka kutoka kwenye bobini katika mashine za kiwandani hakuwa na safari ndefu ya kulifikia wazo hilo. Tangu hapo uzito wa chambo haukuwa tena na kazi ya kuzungusha chochote, na chambo chepesi kikaweza kwenda mbali.

Fimbo nayo ililazimika kubadilika. Mshipi unaotoka kwenye bobini tuli hutoka kwa mapindi mapana, si kwa mstari ulionyooka, na ndiyo maana fimbo ya spini, kama aina hii inavyoweza kuitwa, hubeba rili chini ya mpini, na huwa na pete ya kwanza kubwa inayokusanya mapindi hayo na pete nyingine zinazopungua moja baada ya moja hadi ncha. Mnunuzi anayetaka kujua kama fundi aliielewa kazi yake huweza kuanza na pete hizo: zikiwa ndogo mno karibu na rili, mapindi huigonga fimbo na chambo chepesi hupoteza sehemu ya safari yake.

Marekani haikuipokea zana hiyo haraka. Bache Brown aliingiza rili za namna hii kutoka Ufaransa katika miaka ya 1930, lakini ilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, rili za Mitchell kutoka mji wa Cluses nchini Ufaransa zilipoanza kuuzwa kwa wingi. Mambo mawili yaliisaidia. La kwanza ni nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, ambayo ilitoa mshipi mwembamba wa uzi mmoja usiooza kama hariri. La pili ni nyuzi za kioo. Hadi wakati huo fimbo nzuri ilitengenezwa kwa vipande 6 vya mwanzi wa Tonkin kutoka China, vilivyochongwa na kugandishwa pamoja kwa gundi. Mwaka 1947 hivi kampuni ya Shakespeare ilianza kuuza fimbo iliyobuniwa na Arthur Howald, iliyounganisha nyuzi za kioo na gundi ya plastiki, na Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za China mwishoni mwa mwaka 1950, mafundi wa mwanzi walibaki na akiba waliyokuwa nayo ghalani. Fimbo ya kioo haikuwa nyepesi wala haikupeleka vizuri mtikisiko wa samaki mkononi. Ilikuwa rahisi na haikuvunjika ovyo, na kwa mnunuzi wa kawaida hilo lilitosha.

Hata hivyo, kwa wavuvi wa besi wa majimbo ya kusini, fimbo ya spini ilibaki kwa muda mrefu kitu cha watoto na wageni. Mashindano aliyoyaanzisha Ray Scott mwaka 1967 katika ziwa la Beaver, Arkansas, yaliimarisha zaidi heshima ya fimbo nene, kwa kuwa katika maji ya tope yenye magogo mvuvi alihitaji kumng'oa samaki kwa nguvu kabla hajajifunga kwenye miti. Charlie Brewer wa Lawrenceburg, Tennessee, alipowafundisha wavuvi kuanzia miaka ya 1970 kurudisha polepole mnyoo mdogo wa plastiki kwa mshipi mwembamba bila kuuchezesha, alikuwa akienda kinyume cha mkondo.

Mageuzi yenyewe yalitokea magharibi, na sababu yake ilikuwa maji. Mabwawa ya kusini mwa California na ziwa Mead, lililotokana na bwawa la Hoover katika miaka ya 1930, yana kina kirefu, maji maangavu na maficho machache, nayo yako karibu na miji mikubwa inayoleta mashua kila mwisho wa wiki. Zaidi ya hayo, mwaka 1959 jiji la San Diego lilipandikiza besi wa asili ya Florida, wanaokua wakubwa kuliko wenzao wa kaskazini lakini wanaosifika kwa kukataa chambo bandia. Katika mazingira hayo mvuvi Don Iovino alieneza namna ya kutikisa mnyoo mdogo moja kwa moja chini ya mashua, chubwi la shaba likigonga ushanga wa kioo kwa sauti hafifu, huku kina kikipimwa kwa mashine ya mwangwi. Wakubwa wa mashindano walikubali pale ushahidi ulipofika kwenye mizani: mwaka 1988 Guido Hibdon wa Missouri, aliyejulikana kwa fimbo ya spini na chambo kidogo laini, alishinda shindano kuu la Bassmaster Classic katika mto James, Virginia.

Mbinu hiyo isingefika mbali bila nyuzi za kaboni, ambazo ukakamavu wake ni zaidi ya mara tatu ya ule wa kioo ilhali uzito wake ni pungufu. Utafiti wake uliendelezwa katika miaka ya 1960 nchini Japani na katika taasisi ya ndege ya Farnborough, Uingereza, kwa matarajio makubwa ya kuzitumia katika injini za ndege. Kampuni ya Rolls-Royce ilijaribu kuzitumia kwenye mapanga ya injini yake ya RB211, yakashindwa jaribio la kugongwa na ndege wa manyoya, na titani ikachukua nafasi yake. Uvuvi ulikuwa miongoni mwa masoko ya mwanzo yaliyozikubali. Kampuni ya Fenwick ya Marekani ilitoa fimbo yake ya kaboni mwaka 1973, na Wajapani walikuwa wameitangulia kwa mwaka mmoja hivi, kwa ajili ya samaki wao wa mtoni aitwaye ayu.

Japani ilikuwa na sababu yake ya kuushughulikia uvuvi wa kubembeleza. Besi aliletwa katika ziwa Ashi mwaka 1925 na mfanyabiashara Akaboshi Tetsuma, karibu wakati uleule alipoletwa katika ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Naivasha besi aliingia katika biashara ya nyavu, wakati Japani alibaki hasa wa fimbo, akivuliwa na watu wengi katika maji machache hadi akawa mjuzi wa kila hila. Huko ndiko ilikokuzwa mbinu ya kuweka chubwi mwishoni mwa mshipi na ndoana juu yake, iliyofika California katika miaka ya 1990.

Badiliko la karibuni lililoigusa fimbo ni mshipi wa kusukwa kwa nyuzi za plastiki ngumu, ulioenea tangu miaka ya 1990. Mshipi huo haunyumbuki kama nailoni, kwa hiyo kazi ya kufyonza mshtuko wa samaki imehamia kwenye fimbo, na fimbo iliyofaa nailoni huweza kuirarua midomo ya samaki au kuunyoosha waya mwembamba wa ndoana. Wavuvi wengi huunganisha mwishoni kipande cha mshipi usioonekana sana majini, na fundo la kiungo hicho lazima lipite ndani ya pete za ncha wakati wa kurusha. Pete zikiwa ndogo kupita kiasi kwa ajili ya kupunguza uzito, fundo hugonga, na chambo cha gramu 2 huishia karibu na mashua.