Kufungua bolti za ekzosi zilizokwama

Kufungua bolti za ekzosi zilizokwama ni kazi ya ufundi wa magari ya kulegeza bolti, nati na studi zinazounganisha sehemu za bomba la moshi, baada ya kushikana kwa kutu na joto. Ni kazi ya kawaida katika gereji za Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria nchini Tanzania, hasa kwa pikapu zinazobeba samaki, dagaa na mazao. Hatari yake kubwa ni bolti kukatikia ndani ya tundu: kazi ya nusu saa huweza kuwa ya siku nzima, au silinda hedi ikalazimika kushushwa.

## Muundo

Moshi hutoka kwenye silinda hedi kupitia manifoldi, kisha bomba la mbele, sailensa na bomba la nyuma. Kila kiungo huwa na gasketi, na hubanwa kwa bolti au studi. Studi ni chuma chenye meno (thredi) pande zote mbili: upande mmoja huingia kwenye hedi au manifoldi, na upande wa pili hupokea nati.

Pikapu nyingi za Kijapani, kama Toyota Hilux, hutumia meno ya milimita 8 au 10. Kwa kawaida vichwa vyake hufunguliwa kwa spana namba 12 na 14. Magari ya Ulaya yenye bolti ya milimita 8 mara nyingi huhitaji spana namba 13. Spana iliyozidi hata kidogo huvunja pembe za nati.

## Sababu za kukwama

Sababu ya kwanza ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvimba kati ya meno ya bolti na ya nati na kuyakaza. Sababu ya pili ni joto. Ekzosi hupanda hadi nyuzi za selsiasi mia kadhaa, kisha hupoa, na hali hiyo hujirudia kila safari. Joto huharakisha kutu, huunguza grisi ya kawaida na kudhoofisha chuma cha bolti.

Maji pia hutoka ndani ya injini yenyewe. Kila lita ya petroli au dizeli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa hali ya mvuke. Safari ikiwa fupi, bomba halipati joto la kutosha, na mvuke huo hubaki humo kama matone. Ndiyo maana gari la mizunguko ya mjini huweza kuoza sailensa mapema kuliko gari la safari ndefu.

Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, yaani hayana chumvi kama ya Bahari ya Hindi, hivyo magari ya Mwanza hayapati upepo wa chumvi unaokula vyuma Dar es Salaam na Zanzibar. Hata hivyo, pikapu zinazoshuka kwenye mialo hukanyaga maji na matope. Zinazobeba kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi, hudondokewa na maji ya chumvi kwenye chesisi na viungo vya nyuma vya bomba.

## Utaratibu wa kufungua

Kanuni kuu ni kutanguliza subira kabla ya nguvu. Injini huachwa ipoe, gari huinuliwa na kuwekwa kwenye stendi imara, na terminali hasi ya betri hufunguliwa.

Kwanza kutu ya nje husuguliwa kwa brashi ya waya hadi meno yaonekane. Kisha mafuta ya kulegeza kutu hutiwa pande zote za nati na kuachwa yapenye, ikiwezekana usiku kucha, huku yakiongezwa mara kadhaa. Dizeli hutumika mahali ambapo mafuta hayo hayapatikani, ingawa hupenya polepole zaidi. Kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, kwa mapigo mepesi, huvunja kutu na kufungua njia ya mafuta.

Nati hushikwa kwa soketi yenye pembe sita au spana ringi. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu na huteleza kwa urahisi. Nati ikianza kusogea, haizungushwi moja kwa moja hadi mwisho. Hulegezwa robo mzunguko, hurudishwa kidogo, huongezwa mafuta, kisha hulegezwa tena. Kwenda na kurudi huko huondoa unga wa kutu ambao ungejikusanya na kuikaza upya. Nati ikizidi kuwa nzito, au bolti ikianza kulegea kama mpira bila nati kusogea, ni dalili kwamba chuma kinajipinda na kinakaribia kukatika.

Mafuta yakishindwa, joto hutumika. Mwali wa gesi huelekezwa kwenye nati ili itanuke kabla ya bolti. Nati ya milimita 10 ikipata joto la nyuzi 500 zaidi hutanuka kwa takriban milimita 0.06, karibu na unene wa unywele. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini huvunja mshiko wa kutu. Baadhi ya mafundi hugusisha mshumaa kwenye meno yaliyopata moto ili nta iyeyuke na kupenya ndani. Silinda hedi ya aluminiamu huhitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza.

## Bolti iliyokatika

Kipande kikibaki nje, hushikwa kwa plaizi ya kubana, au nati nyingine huchomelewa juu yake. Joto la kuchomelea husaidia pia kukilegeza. Kikikatika ndani, hupigwa alama katikati kabisa kwa panchi na kutobolewa kwa biti ndogo, kisha kubwa zaidi. Biti ikienda upande, hula meno ya hedi. Meno yakiharibika, tundu huchongwa upya kwa tapu na kutiwa springi ya meno.

Kwenye viungo vya nyuma ya sailensa, mara nyingi ni nafuu kuikata nati kwa grainda au tindo na kuweka bolti mpya.

## Usalama

Mafuta ya kulegeza kutu hushika moto, hivyo hufutwa kabla ya kuwasha gesi. Tangi na mipira ya mafuta hukingwa. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini haitumiki karibu na moto, kwani hutoa gesi ya sumu. Bolti zilizopakwa zinki zikichomwa hutoa moshi unaoleta homa. Miwani huvaliwa, kwa kuwa kutu humdondokea machoni anayelala chini ya gari.

## Kufunga upya

Bolti zilizoliwa hazirudishwi. Meno hupakwa grisi maalumu yenye nikeli, shaba au grafiti inayostahimili joto, na gasketi mpya huwekwa. Nati hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili kiungo kibane sawasawa.

Injini ikiwashwa, kila kiungo hukaguliwa kama kinavuja. Moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Kiungo kinachovuja karibu na injini huweza kuiingiza katika kabini, na dereva husinzia bila kujua sababu. Kwa hiyo kuacha kiungo na bolti moja pungufu, kwa kuwa ya pili ilikatika, si ukarabati uliokamilika.